Babu Yako wa Keya: Tafuta Kikosi Kabla ya Jina

Juzi msomaji mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Dada, shikamoo. Babu yetu alikuwa Keya, alipigana na Mjapani. Naomba linki niweke jina lake nitoe faili lake." Kabla sijamjibu, akaingia mwingine wa Bukoba ambaye kaka wa babu yake "alizama na meli ya jeshi", naye anaomba linki. Tangu niweke picha ya nyota ya babu yangu kwenye status, meseji za namna hii haziishi.

Jamani, linki haipo. Ingekuwepo nisingesota vile.

Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 86,000 katika Vita vya Pili vya Dunia. Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) nazo zilitoa wa kwao. Lakini faili binafsi za askari Waafrika wa King's African Rifles (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, ndiyo "Keya" ya wazee) hazikuwekwa pamoja na faili za askari wa Uingereza. Kwa hiyo ukiingia kwenye katalogi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, pale Kew, London, ukaandika jina la babu yako, utaletewa maafisa wa Kizungu. Wengi wanaishia hapo na kusema babu alikuwa anatudanganya. Hakudanganya. Umemtafuta mahali ambapo hakuandikwa.

Aliyeandikwa ni kikosi. Mwafrika mmoja mmoja hakuwekewa kumbukumbu kubwa, ila kikosi chake kilikuwa na afisa aliyelazimika kuandika kila siku: tumeamka wapi, tumetembea kwenda wapi, nani kapigwa, mvua kiasi gani. Hizo ndizo shajara za vita, na zipo mpaka leo. Ukijua kikosi cha babu, umejua siku zake. Usipokijua, huna kitu, hata ukiwa na jina lake kamili pamoja na la babu yake.

Mimi kikosi nilikuwa nacho tangu utotoni bila kujua. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Tabora, na barazani wenzake walimwita Twentisiksi. Sisi watoto tulidhani ni umri aliooa, au namba ya baiskeli. Alikufa hajaulizwa. Miaka imepita, nimeshakuwa mtu mzima, nasoma habari za KAR, nikakuta kwamba bataliani za Tanganyika za wakati ule zilimalizia na sita: 6, 26, 36. Nilipiga yowe sebuleni mpaka jirani akagonga mlango. Bataliani ya 26 ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopelekwa Seloni (Sri Lanka ya leo) na kisha Burma (Myanmar ya leo).

Nikampigia mjomba kumuuliza kama limebaki chochote cha babu. Akacheka. Akaniambia mambo ya vita wanawake yanawahusu nini, halafu hiyo ni habari ya wakoloni, tuache wafu wapumzike. Karatasi za babu, cheti cha kuachishwa jeshi na vinginevyo, alishazichoma alipokuwa anahama nyumba. Alisema "nilichoma" kama mtu anayesema alifagia uwanja. Hilo sijalimeza mpaka leo, na akisoma hapa asome tu.

Kilichookoka ni sanduku la bati alilokuwa nalo bibi mdogo, na ndani yake kulikuwa na nyota moja ya madini ya njano na picha. Ngoja niiseme hiyo nyota vizuri, maana wengi mnayo kabatini na hamjui ni nini. Ina pembe sita, katikati imeandikwa kwa duara THE BURMA STAR, chini ya taji kuna herufi za mfalme, GRI na VI. Utepe wake ni wa buluu iliyoiva, katikati una mstari mpana mwekundu, na kwenye buluu ya kila upande umepita mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Wa babu ulikuwa umekula vumbi, lakini ukiukunjua nyuma, pale ambapo jua halikufika, rangi bado inawaka. Kama ya kwenu ina utepe wa rangi ya mchanga wenye nyekundu katikati, hiyo ni Africa Star, na babu yako huenda alikuwa Uhabeshi au Somalia kupigana na Waitaliano. Msigeuze nyota mkitafuta jina nyuma yake. Nyota za vita vile Uingereza ilizitoa bila kuchonga majina. Niliwahi kuona mtu ananunua nyota sokoni kwa bei ya mbuzi akiamini ataweza kujua ilikuwa ya nani.

Kwenye picha wako askari watatu na kofia zile pana zilizokunjwa upande mmoja. Begani kwa mmoja kuna kiraka. Niliikuza kwa simu mpaka ikabaki vidoadoa, nikaikuza tena: kichwa cha kifaru. Ndiyo alama ya Divisheni ya 11. Sikuhitaji kibali cha mjomba tena.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi mnaruka. Anza na wazee, na anza leo. Usiende kumuuliza bibi "babu alikuwa kikosi gani", hajui, na atajisikia vibaya. Muulize babu alikuwa anashika nini mkononi: bunduki, usukani, sepetu au mwiko? Kwa sababu mtaani kila aliyerudi na kaptula ya jeshi aliitwa Keya, lakini maelfu hawakuwa KAR kabisa. Kulikuwa na madereva wa East African Army Service Corps, kulikuwa na Pioneers waliojenga barabara na kupakia mizigo, wapiga mizinga, watu wa simu, wahudumu wa hospitali. Ukimtafuta dereva kwenye vitabu vya bunduki, utazeeka hapo.

Muulize pia alimlaani nani. Akimtaja Mtaliano na baridi ya milimani, huyo ni wa mwaka 1941, Uhabeshi. Akitaja Mfaransa, usicheke; mwaka 1942 brigedi ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga, Madagascar, wenyewe wazee wa pwani wanaita Bukini, na bataliani ya 1/6 ya Tanganyika (yaani ya kwanza ya rejimenti ya sita) ilikuwemo. Akimtaja Mjapani, matope na baghala, nenda Burma. Bibi mdogo alikuwa na mambo matatu tu kutoka kwa babu: kwamba chakula kilidondoka kutoka kwenye ndege, kwamba baghala walizama matopeni wakilia kama watu, na kwamba alivuka "daraja la chuma linaloelea". Watu wazima waliyasikia miaka yote wakadhani ni porojo za mzee. Basi: divisheni ile iliteremka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944, barabara zikageuka uji, ikalishwa kwa ndege. Desemba 1944, baada ya mji wa Kalewa kutekwa, likajengwa juu ya mto Chindwin daraja la kuelea la zaidi ya mita 350, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya kuelea ya Bailey duniani, yale ya vipande vya chuma vya kuunganisha. Mzee alisema kweli tupu, na alikufa akiitwa mwongo kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nilipokuwa na namba 26 na neno Burma mkononi, kazi iliyobaki ilikuwa ya kutafuta mtu wa kuingia Kew. Shajara za vikosi vya Asia ya Kusini Mashariki ziko kwenye mfululizo wa WO 172 (WO ni War Office, Wizara ya Vita ya Uingereza), za Madagascar WO 174, na nyingi za Uhabeshi zimo WO 169. Zimepangwa kwa kikosi na mwaka. Katalogi unaisoma bure ukiwa Dar, ila majalada mengi kati ya haya hayajawekwa mtandaoni. Unaweza kuagiza nakala kwa malipo, na si ndogo kwa mfuko wetu. Njia niliyoitumia mimi ni nafuu: kuingia Kew ni bure, kadi ya msomaji ni bure, kupiga picha kurasa kwa simu yako ni bure. Tafuta Mtanzania anayeishi London, mpe namba ya jalada, mlipie nauli na chakula cha mchana. Kabla sijampata huyo kijana kulikuwa na bwana mmoja aliyejiita wakala wa nyaraka, akala hela yangu na kuniblock. Yaliyofuata sitawachosha nayo.

Kurasa zilipofika, nilisoma usiku kucha. Na hapa nawaandaa kabisa: jina la babu yako usilitarajie. Afisa anatajwa kwa cheo na jina hata akiwa na homa. Askari wetu ni AOR, ufupisho wa kusema askari Mwafrika asiye na kamisheni. "2 AOR wamejeruhiwa." Wawili gani? Wana wa nani? Nilikaa na ule mstari muda mrefu. Ndivyo ilivyo kote. Mei 1941 bataliani ya 1/6, watu wa Tanganyika, ilipigana Colito kule Uhabeshi, na jina linalojulikana duniani kutoka siku ile ni la Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, aliyepewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Ushujaa wake siupingi. Nasema tu hakuwa peke yake pale. Kambi ya Lugalo mnayopita kila siku mkienda Mbezi iliitwa Colito kwa sababu ya vita ile. Ukiwauliza abiria wa daladala, hakuna anayejua.

Pamoja na hayo, shajara ilinipa babu kuliko faili lolote lingenipa. Najua tarehe ambazo walikuwa hawana nguo kavu. Najua siku walipokata magogo na kuyalaza barabarani ili magari yapite. Kwa hiyo narudia: kikosi, kikosi, kikosi.

Majina yenyewe, kama unayataka, yana mahali pake. Aliyepewa medali ya ushujaa, kama Military Medal, hutangazwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, unaitafuta bure mtandaoni, na mapendekezo ya tuzo yako WO 373 pale Kew. Aliyekufa vitani yuko kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, nayo tovuti yake ni bure. Lakini ni kwa waliokufa tu. Kuna mtu aliniambia kwa uchungu "babu hayumo CWGC, wametubagua", nikamuuliza babu alikufa lini, akasema 1987. Sasa, ubaguzi upo kweli, na tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika wa Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina. Ila wa 1987 hatumdai mtu.

Wewe wa Bukoba, kwako hii ndiyo njia. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi na kuzama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa 301 Field Regiment, East African Artillery. Weka kikosi hicho na tarehe hiyo kwenye tovuti ya CWGC, upate orodha, kisha usome jina moja moja. Wengi wao wametajwa kwenye ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi. Soma kwa sauti, kwa sababu karani Mzungu aliandika alichosikia: L na R zimebadilishana, H imeruka, na mara nyingi ni jina la mtu na la baba yake tu, ukoo haupo. Ukitafuta kwa jina la ukoo mnalotumia leo hutampata.

Na msidharau za nyumbani. Nyaraka za Taifa za kwetu, pale Upanga, Dar, zina majalada ya wilaya ya wakati wa Mwingereza, na kwenye hayo mtu anakuta habari za kuandikisha askari, fedha walizotuma kwa wake zao kupitia bomani, malalamiko ya waliorudi. Piga simu kwanza, nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na ujue jina la wilaya lilivyokuwa wakati huo. Pitia na magazeti ya zamani ya Mambo Leo. Karani wa ofisi fulani, siitaji, alinitazama akaniuliza haya ya kale yataniletea mkate gani. Vijana wetu wanakutajia kikosi cha Yanga cha miaka ya sabini, mchezaji kwa mchezaji mpaka wa akiba, lakini baba wa babu yake hamjui jina. Tumekuwa watu wa namna gani? Mzungu hakumwandika, haya, alikuwa na sababu zake. Na sisi ambao hata kumuuliza hatukumuuliza?

Nakala za shajara nimezitoa na kuzigawa kwa kila tawi la ukoo. Mjomba nasikia hajazifungua, ila kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu mwezi uliopita alisimama akawaeleza wakwe habari za Kalewa na daraja la kuelea, kwa ufasaha, mkono mfukoni, kama yeye ndiye aliyezitafuta. Nilimwacha amalize. Mita alikosea.