Nimwache na nani nikienda mwaloni?

Dada, umeuliza kama umkataze binti yako kuongea na wageni unapouza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Mimi ningeanza na pale nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na majirani walitajwa sana. (Wa kiume naye usimsahau.)

Anayempa mia tano na kumwambia "usimwambie mama", huyo ndiye wa kumwangalia. Mtoto akikusimulia kuwa amefanyiwa ukatili, usimfokee, wala usimwogeshe kwanza, ushahidi usipotee. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au wahi Dawati la Jinsia na Watoto polisi.