Mpwa anafaa kutoa sampuli?

Dada, umeuliza kama wewe, ambaye mamako ni dadake marehemu mjomba wako, unafaa kutoa sampuli ya DNA (chembe za urithi) ili mwili wake utambuliwe kati ya ile ya Shakahola, ilhali mjomba hana mzazi wala mtoto aliye hai. Unafaa. Mzazi au mtoto ndiye bora, lakini kuna DNA inayopita kwa mama tu. Wewe na mjomba mmeirithi kwa nyanya yako, nayo hudumu kwenye jino au mfupa wa paja miaka mingi. Kwa kawaida wanaochukua sampuli husugua ndani ya shavu lako kwa kijiti cha pamba, hakuna sindano. Hao waliozikwa kwenye msitu wa Shakahola, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, walianza kufukuliwa Aprili 2023. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa hapa Malindi Machi 2024. Na kama mjomba alikuwa na pengo au aliwahi kuvunjika mfupa, waambie hao wanaochukua sampuli, tafadhali.