Mvua haileti kifua: niliyoyaona wodini

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza imekuwaje mtoto wako wa miezi 4 akabanwa na kifua wiki ileile mvua zilipoanza, wakati nchi za joto hazina baridi kali, na kama kuna mwezi hasa wa kuchanjwa homa ya mafua. Nimeuguza watoto miaka 12 katika ukanda wa tropiki, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Hata mimi nilianza kazi nikiamini mvua ndiyo inayoleta kifua. Mawingu yakitanda tu, tuliagiza mitungi zaidi ya oksijeni, na mara nyingi hatukukosea. Kilichonigeuza ni mwaka 2020. Mvua ilinyesha kama kawaida, watoto wakalowa kama kawaida, lakini wodi ilikuwa kimya. Shule zilikuwa zimefungwa, watu wamevaa barakoa, safari zimekatika, na RSV, kirusi kinachoongoza kwa kuwabana vifua watoto wachanga, kikatoweka karibu kila mahali duniani. Vizuizi vilipolegezwa kikarudi kwa kishindo, tena nje ya majira yake. Magharibi mwa Australia, ambako kimezoeleka miezi ya baridi, kilifumuka kwenye joto la mwisho wa 2020. Sisi kilitukuta hatuna habari. Mitungi ilikuwa imeagizwa kwa kalenda ya mvua, na usiku mmoja tulikaa tukiamua mtoto gani apunguziwe oksijeni ili mwingine apate. Usiku ule ninao mpaka leo.

Kwa hiyo mvua haizai kirusi. Kirusi hutoka kwa mtu. Inachofanya mvua ni kutukusanya ndani, madirisha yamefungwa, kaka aliyetoka shule na mafua akimbusu mdogo wake. Kule kwenye baridi husemwa kwamba hewa kavu ndiyo inayokisaidia kirusi cha homa ya mafua kudumu hewani. Lakini sehemu nyingi za tropiki kilele chake huja wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu tele, kwa hiyo maelezo hayo peke yake hayatoshi. Halafu kuna suala la kinga, ambalo nadhani watu hulisahau mno. Karibu kila mtoto huwa ameshapata RSV kabla ya kutimiza miaka 2. Wimbi likipita, wanaobaki bila kuikuta ni wachache, na mpaka wazaliwe wengine ndipo wimbi jipya lipate kuni.

Wala tropiki yote haina kalenda moja. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako RSV imefuatiliwa miaka mingi, wimbi kwa kawaida huanza miezi ya mwisho wa mwaka na kuvuka mpaka mwanzo wa mwaka unaofuata, si wakati wa masika. Singapore homa ya mafua huelekea kupanda mara 2 kwa mwaka, katikati na mwishoni. Brazil, 2023, wizara ya afya iliamua eneo la Kaskazini, lililo karibu na ikweta, lichanjwe kuanzia Novemba, kwa kuwa kampeni ya Aprili ilikuwa inawafikia watu wakati wimbi lao limeshapamba moto. Mafua ya kawaida, yale ya rhinovirusi, yapo mwaka mzima. Hata 2020 hayakukoma.

Sasa chanjo. Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ya homa ya mafua kila Februari, kwa ajili ya kaskazini mwa dunia, na kila Septemba, kwa ajili ya kusini. Ukiwa tropiki, usiangalie uko upande gani wa ikweta, angalia kilele chenu kinaanguka lini. Mwili huchukua kama wiki 2 kujenga kinga, na kinga hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda, hivyo kuchanja mapema mno nako ni hasara. Mwanao bado, kwa sababu chanjo hiyo huanza akiwa na miezi 6. Chanjeni ninyi mnaombeba. Ukija kupata ujauzito mwingine, uliza kliniki kuhusu chanjo ya RSV ya wajawazito, inayotolewa kuanzia wiki ya 28.

Kumfunika mablanketi matatu hakuzuii kirusi. Kunawa mikono kabla ya kumshika kunasaidia, maana RSV hukaa saa kadhaa kwenye meza na vitasa. Ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, pua zinatanuka, anashindwa kunyonya au midomo inabadilika kuwa ya bluu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Na ukifika, waulize wauguzi ni miezi gani wodi yao hujaa watoto wa kifua. Rejesta yao itakueleza zaidi kuliko kalenda yoyote iliyochorwa kwa ajili ya nchi za baridi.