Mashua iliyotumika inavuja? Usikimbilie kuziba kwa ndani

Ukinunua mashua iliyotumika, hukosi wa kukwambia umwage lami au saruji kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, uendelee na kazi. Nakusihi usimsikilize. Bahari inasukuma kutoka nje, kwa hiyo kiraka cha ndani hubanduka kidogo kidogo, na unyevu unaojificha chini yake huozesha mataruma, yaani mbavu za chombo, bila wewe kuona.

Yangu niliinunua Pangani, na ikilala nangani asubuhi lazima uifue maji, yaani uyachote uyamwage nje. Anza kwa kuyaonja. Yasipokuwa na chumvi ni ya mvua, yamepenyea juu. Yakiwa ya chumvi, usiamini pale unapoyakuta: huingilia huku, yakafuata mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo, yakatuama kule. Na kama chombo kimekaa sana juani, kiache majini siku mbili tatu kwanza. Mbao zilizosinyaa huvuja kila mahali, zikivimba nyufa nyingi hujifunga zenyewe.

Kisha ipandishe pwani maji yakijaa. Kama ni kazi ya siku moja, epuka kilele cha bamvua, yaani siku maji yanapojaa kuliko zote, maana maji ya siku zinazofuata hayatafika hapo, utangoja bamvua jingine, kama wiki mbili. Yakishatoka, iegemeze kwa magogo, futa nje ikauke, halafu mimina maji ndani, kiasi cha kufunika mkuku tu. Yakizidi, uzito wake utaumiza mbao. Chuchumaa utazame. Yanapotokea ndipo yanapoingilia. Kwangu tone lilichomoza pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, karibu na msumari uliochuruzika kutu. Tia alama ya mkaa papo hapo, kabla pote hapajalowa.

Hapo ndipo pamba inapohitajika. Ng'oa kalafati ya zamani, yaani pamba iliyoziba mwanya kati ya mbao, choma mbao kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa ulaini, kata kipande hicho upachike kipya. Sokota pamba, ichovye mafuta ya nazi, isindilie mwanyani kwa chembeu, patasi ya kalafati, kwa mapigo mepesi. Usikaze mno: mbao zikivimba, pamba iliyobanwa kupita kiasi husukuma ubao hadi misumari ilegee. Msumari wenye kutu utoe, upige mnene zaidi, shingoni umeuzungushia pamba yenye mafuta. Malizia kwa kupaka nje deheni, mchanganyiko wa shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa.

Ukiishusha itavuja kidogo mwanzoni. Ikiwa siku ya tatu bado unafua maji, usiongeze pamba kwa kubahatisha. Ipandishe tena, mimina maji ndani, utazame upya.