Eti utafiti wa kutembea tu, hamna hata kidonge?

SWALI: Habari dokta. Mimi ni mama wa miaka 56 niko hapa Ujiji, nina presha mwaka wa nne sasa nameza vidonge. Juzi pale zahanati walikuja vijana wa chuo kikuu wanatafuta watu wenye presha, wanasema ni utafiti wa kutembea na kupunguza chumvi, miezi sita, dawa hawatoi. Alafu eti watapiga kura, wengine wafundishwe wengine waendelee kama kawaida. Jirani yangu anasema hao matapeli, utafiti gani hauna sindano. Niingie? Vidonge niache? Na kura ikinitupa kwa wasiofundishwa si nimepoteza muda bure? – Mama Rehema, Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Vidonge usiache, hilo naliweka mbele kabisa maana kuna watu wakisikia tu "bila dawa" wanatupa pakiti siku hiyohiyo. Utafiti kutotoa dawa haimaanishi wewe uache zako, na kama kuna mtu kati yao kakwambia uache bila daktari wako kujua, hapo ondoka.

Sasa jirani. Mwambie tafiti za hivi zipo na zimeleta mambo makubwa. Marekani walichukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, wakawagawa kwa kura, wengine wakapewa metformin (dawa ya kisukari), wengine vidonge visivyo na dawa ndani, wengine wakafundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Majibu yakatoka 2002: metformin ilipunguza kisukari kwa 31%, mazoezi na chakula 58%. Yani miguu ilishinda kidonge. Na kazi kama hizi mara nyingi utaona ni vyuo vinafanya, kwasababu kutembea hakuuzwi dukani, sa kampuni gani itatoa hela kupima kitu ambacho kila mtu anacho bure?

Kura ndo inayowakera wengi ila mimi naipenda. Wakiacha kila mtu achague, watakaochagua kutembea ni walewale wanaojipenda tayari, wanaoamka alfajiri wanashuka mwaloni kwa miguu na chumvi walishapunguza zamani, alafu presha zao zikishuka utajuaje ni mafundisho au ndo walivyo? Kura inachanganya wavivu na wachapakazi pande zote mbili. Na ukiangukia kwa wasiofundishwa hujapoteza, bila nyie hao wengine hawana wa kulinganishwa nao, na presha yako itapimwa kama yao. Waulize kama mwishoni na nyie mtafundishwa, tafiti nyingi zinafanya hivyo, ila waulize kabla hujasaini.

Kuna kitu kimoja watakwambia utaona cha ajabu. Kidonge feki unaweza kumpa mtu asijue, ila kutembea feki hakuna, we mwenyewe utajua tu unatembea au umekaa. Kwahiyo anayefichwa ni yule anayekupima. Akikuvalisha mashine usianze kumsimulia "mwanangu nimetembea mpaka miguu imevimba", kaa kimya, akijua kundi lako anaweza bila kukusudia akakuandikia namba nzuri.

Kuhusu utapeli: omba uone kibali cha maadili, huku kwetu ni cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au kamati ya chuo chenyewe, na fomu ya ridhaa iwe ya kiswahili, isomwe mpaka uielewe, ndo uweke sahihi au dole gumba. Iwe imeandikwa kwamba unaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yako pale zahanati yasiguswe. Hela usitegemee, labda nauli. Wakikudai wewe hela ya kujiandikisha basi jirani yako atakuwa kasema kweli.

La mwisho ni huyohuyo jirani. Kama na yeye ana presha akaingia, kura ikawatenganisha, wewe unatembea yeye hapana, utamfundisha yote jioni mkiwa mnachambua dagaa, si ndio? Hilo linaharibu utafiti. Kule Harare, Zimbabwe, walipopima mpango wa bibi waliofundishwa kukaa na wagonjwa wa msongo wa mawazo kwenye benchi na kuongea nao, kura haikupigwa kwa mtu mmojammoja, ilipigwa kwa kliniki nzima, kliniki 24, hii na bibi ile bila bibi. Waulize vijana wenu wanagawa mtu au zahanati. Kama ni mtu, jirani mpe chai na stori zote za mtaa, ila ya kutembea yafiche mpaka miezi sita iishe.