Nilipe nauli mpaka Indonesia nikazamie topeni?

SWALI: Shikamoo kaka. Napiga mbizi na mtungi wa hewa huku Unguja, nimeshashuka kama mara 30, zote Mnemba na matumbawe ya jirani. Sasa rafiki yangu kashika bango tuchange hela twende Lembeh, Indonesia, eti kuna mbizi za topeni. Nikaangalia picha nikaona mchanga mweusi, chupa na tairi bovu. Jamani, ananizingua au? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuzingui, na hilo tairi usilidharau. Mbizi za topeni ni kuzamia kwenye mchanga au tope tupu, pasipo matumbawe, kutafuta viumbe wa ajabu waliojificha. Lembeh ni mkondo mwembamba kati ya Sulawesi na kisiwa cha Lembeh, bandari ya Bitung iko hapo hapo, chini mchanga wa volkano mweusi tii. Kwenye matumbawe samaki akiona hatari anaingia tunduni basi, ila pale hamna tundu, kwa hiyo kila mtu anaishi kwa ujanja wake. Kuna pweza mwigaji, alionekana huko huko Sulawesi mwaka 1998, anakusanya mikono yake yote nyuma anateleza juu ya mchanga utasema gayogayo kabisa. Kuna samaki mwenye manyoya kama mwani, amekaa tu chini kama kitu kilichotupwa, ana kijiti kichwani chenye chambo anakichezesha, yaani samaki anavua samaki wenzie!

Mimi ninayempenda ni pweza wa vifuu. Anaokota vipande viwili vya kifuu cha nazi, anavipachika chini ya tumbo, halafu anatembea kwa ncha za mikono kama mtu aliyebeba ndoo, ukimsogelea anaingia ndani anajifunika, jicho tu linachungulia. Na zile chupa zina wenyewe, visamaki vya njano vidogo kuliko kidole chako vinakaa mle, kwa hiyo usijifanye kusafisha bahari ukamvunjia mtu nyumba.

Ila kabla ya nauli, jifunze kutulia majini. Pale ukipiga mapezi juu chini kama ulivyozoea vumbi linapanda, wenzio wote hawaoni kitu na watakuchukia, piga kwa pembeni kama chura. Chukua mwongozaji wa pale pale, maana wewe utapita juu ya mnyama bila kumwona. Akianza kumchokoa mnyama na kijiti ili upate picha, mkataze, hiyo tabia inaniudhi sana. Usishike chochote, kuna pweza mdogo wa pete za buluu, akikuuma sumu yake haina dawa ya kuizima.

Halafu beba suti ya kuzamia nene kidogo kuliko ya Unguja. Utakaa saa zima unamtazama mdudu mmoja bila kusogea, baridi itakuingia hata kama maji ni ya moto.