Pesa yako iweke pasipoonekana

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Singida. Kamaliza kidato cha sita, mama yake kauza alizeti, na katika pesa hizo kampa milioni mbili na nusu. "Shikamoo dada. Ninunue kamera gani? Nataka nitengeneze filamu zangu mwenyewe kama wewe." Niliusoma mara tatu. Sikulala vizuri, maana mwaka 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, nami nilikuwa na pesa inayokaribia hiyo, iliyotokana na mafao ya marehemu baba, na swali langu lilikuwa hilohilo.

Nilimjibu kwa kifupi: mdogo wangu, usinunue kwanza. Jibu refu ni hili, na nawaandikia wote mnaoota kama nilivyoota mimi.

Nilipanda basi hadi Dar, nikanunua kamera iliyotumika kwa 2,100,000 na lensi moja, nikarudi nayo nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Zilibaki laki tatu na ushee. Kwa pesa hizo nilikusudia kutengeneza filamu ya dakika 17: bibi na mjukuu wanachimba maji kwenye mchanga wa korongo kule Chamwino, kiangazi. Mtu wa Dodoma haelezwi picha hiyo. Unafukua kwa mikono mpaka kiwiko kinazama, unangoja, maji yanachuruzika taratibu, unachota kwa kata, unamimina kwenye dumu la lita ishirini, unangoja tena.

Bibi niliyempata hakuwa mwigizaji. Nilimkuta anapepeta uwele nje ya nyumba yake, nikamsalimu "mbukwenyi", akacheka jinsi nilivyolitamka, akaniambia nikae. Baada ya siku mbili akakubali. Nilimpa mambo manne tu ya kusema kwenye onyesho kubwa, lile ambalo bibi anamweleza mjukuu jinsi mama yake alivyoondoka nyumbani.

Tulirekodi mwezi wa nane. Mwezi wa nane Dodoma ni wa upepo, hilo nalijua tangu utotoni, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye picha. Bibi akapiga magoti ukingoni mwa shimo, kata mkononi, akaanza. Yale mambo manne aliyaacha, akaweka yake, nusu Kiswahili nusu Kigogo. Katikati akanyamaza, akachota, akamwaga maji kidogo mchangani bila kuambiwa na mtu, kisha akaendelea. Ilichukua zaidi ya dakika nne. Kijana aliyeshika kamera alikuwa anatokwa machozi. Mimi nilikuwa natetemeka kwa furaha, nikijua nimepata filamu.

Usiku ule, chumbani kwangu Ilazo, nikafungua kompyuta. Picha safi, mwanga wa saa kumi na moja jioni umemkaa Bibi usoni vizuri mno. Nikaongeza sauti. Vuuuu. Upepo tupu, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa, na humo ndani, mbali, neno mojamoja la Bibi. Nilikuwa nategemea maiki ya kamera yenyewe. Hedifoni sikuwa nazo. Katika siku ile nzima hakuna hata mmoja wetu aliyesikiliza tulichokuwa tunarekodi.

Nilirudi Chamwino kesho yake, nikamwomba Bibi arudie. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, yale nilishayasema."

Akakaa vilevile, kata mkononi, na hakusema kitu.

Baadaye nilimshawishi aje mjini tuingize sauti upya, kwenye chumba cha rafiki yangu Nkuhungu tulichokizungushia magodoro na mablanketi. Alikaa wima kama yuko mapokezi ya hospitali, akasema maneno yote niliyomwandikia, na hayakuwa na uhai. Midomo na sauti vilipishana. Niliipeleka filamu hiyo kwenye matamasha kadhaa, na karibu yote hayakujibu. Moja lilijibu kwa mstari mmoja: picha nzuri, sauti haifai. Mstari huo bado ninao kwenye simu. Sijaufuta na sitaufuta.

Kwa hiyo nawasihi, pesa yenu ya kwanza iende kwenye sauti. Mtazamaji wetu amezoea picha ya simu, picha ikitikisika atavumilia, lakini asiposikia neno anaondoka. Kodi maiki nzuri inayofungwa kwenye mti mrefu, yenye manyoya ya kuzuia upepo, isogeze karibu na mdomo kadiri picha inavyoruhusu, na mtu mmoja avae hedifoni tangu asubuhi hadi jioni, kazi yake iwe kusikiliza tu. Mtu huyo akisema "turudie", mnarudia, hata kama muongozaji analia kwa furaha. Kabla ya kuhama eneo, wanyamazishe watu wote, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali pale. Mhariri wako ataziba nazo mapengo ya sauti, naye atakushukuru.

Na wanaorekodi ndani, kwenye taa: umeme wetu ni wa hezi 50. Weka fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) iwe moja ya hamsini ya sekunde, mistari ile inayopita kwenye picha itakwisha. Hilo nililijua baada ya mwaka mzima wa kulaumu kamera.

Miaka miwili iliyofuata siisimulii. Nilipiga harusi, send-off, mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, semina za wizara. Iliniweka mjini.

Jambo la pili linaniuma zaidi, na nitalisema bila kutaja mtu. Filamu yangu ya pili niliimaliza mwaka 2021. Msambazaji mmoja wa Dar akaipenda, tukaongea kwa simu kama ndugu, akaniita "dada yangu wa Dodoma". Nikamtumia faili lote. Karatasi? Hakuna. Nilitamani mno aipende, nikaona kumwomba mkataba ni kumkosea heshima. Miezi minne baadaye shangazi ananipigia jioni ya Jumapili, sauti imejaa shangwe: "Tunaiangalia kazi yako kwenye televisheni!" Nikakimbilia kwa jirani. Nikaiona ikiisha. Orodha ya majina mwishoni ilikuwa imekatwa. La kwangu, la Bibi, la yule kijana wa kamera, yote. Msambazaji aliacha kupokea simu zangu, na hadi leo sijapata hata shilingi.

Vijana, undugu na biashara viandikiwe karatasi mbili tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoitengeneza kazi, hata kabla hujaisajili, lakini siku ya kudai utaulizwa ushahidi. Sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu. Kabla ya kumpa mtu faili, andikeni nani anamiliki, anaionyesha wapi, kwa muda gani, kwa kiasi gani, na majina yanabaki. Ukurasa mmoja unatosha. Anayekasirika ukimwomba saini amekusaidia kumjua mapema. Waigizaji wako nao waandikie, hata kama ni wajomba zako, maana unavyoumia wewe nao wanaumia hivyohivyo.

Na vibali, jamani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, si jambo jipya. Omba kibali cha Bodi ya Filamu, kisha nenda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji umwonyeshe, unywe naye chai. Sisi tulizuiwa nusu siku barabarani kwa sababu nilidhani filamu ndogo haihitaji. Jua la asubuhi likatupita, na jua la mchana la Dodoma linamchimbia mtu mashimo ya giza machoni. Tena katika mji huu usielekeze kamera kwenye jengo la serikali ukitumaini kujieleza baadaye.

Wengine mtaniambia, dada, siku hizi kuna YouTube. Ipo, naitumia. Lakini kwa video ndefu, ili upate mgawo kamili wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na filamu moja ya dakika 17 haikufikishi huko. Usiiache kazi inayokulisha kwa ajili ya hesabu hiyo.

Na lisheni watu wenu. Ugali, nyama, maji ya kutosha, kwa wakati. Kikosi chenye njaa hakisikilizi.

Filamu yangu ya tatu nimeimaliza mwaka huu na, namshukuru Mungu, wiki tatu zilizopita imekubaliwa kwenye tamasha. Nilipigia magoti habari hiyo sebuleni. Ile kamera niliyoipakata kutoka Dar niliiuza zamani. Ya filamu hii nilikodi kwa siku nne. Sehemu kubwa ya bajeti imekwenda kwenye sauti, chakula, nauli na karatasi. Tuliepuka miezi ya Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, kwa sababu nyumba za wageni hujaa na magari ya kukodi hupanda bei. Mambo hayo huyaoni kwenye picha hata kidogo, na ndiyo yaliyoibeba filamu.

Bibi yumo tena. Jumamosi iliyopita, kibali kikiwa mkononi, tulitandaza shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba ya mwenyekiti, tukaionyesha kijijini. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho, haoni mbali. Alikaa kwenye kigoda karibu na spika, ameinamisha kichwa. Ilipofika sehemu yake akanishika mkono na hakuuachia mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na yale ya korongoni, yako wapi?"

Nikamwambia yalichukuliwa na upepo.

Mdogo wangu wa Singida, pesa ya mama iache benki kwanza. Panda basi uje Dodoma, si mbali. Nitakuazima maiki na hedifoni kwa siku mbili bila malipo. Njoo na simu yako hiyohiyo uliyoniandikia, na mtu mmoja unayempenda mwenye jambo la kusema.